Tumbo Limejaa Maji: Uliza Kwanza Ini Limeharibiwa na Nini

Mtu akianza kuvimba tumbo pale Kizwite, hukumu hutoka kabla ya vipimo. Akiwa ni mtu wa vilabuni, watu husema pombe imemmaliza. Akiwa hajawahi kuonja, watasema amerogwa, na mji wetu wa Sumbawanga, uliobebeshwa sifa ya uchawi miaka nenda rudi, haukosi mtu wa kunyooshewa kidole. Hukumu hizi mbili zina kasoro moja: zinafunga mazungumzo. Mnywaji anaonekana kajitakia, hana haja ya kupimwa zaidi. Aliyerogwa anapelekwa kwa mganga. Hakuna anayeuliza swali ambalo lingemsaidia mgonjwa na wale anaokula nao sahani moja: ini lake limeharibiwa na nini?

Hospitalini hali hiyo huitwa sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Wengi wakilisikia jina hilo hudhani ni ugonjwa mmoja wenye mwisho mmoja. Sivyo. Sirosisi ni mahali ambapo ini hufika baada ya kuumizwa kwa miaka, na vinavyoliumiza ni vingi. Chanzo kikijulikana, mambo matatu hubadilika: kama uharibifu unaweza kusimamishwa, ni hatari ipi ya kuchungwa zaidi, na ni nani mwingine nyumbani anatakiwa kupimwa. Yashike hayo matatu, maana ndiyo tutakayoyauliza kwa kila chanzo.

Ini linavyogeuka

Ini lenye afya ni laini na sare. Likijeruhiwa hujikarabati lenyewe, na viungo vichache mwilini vina uwezo huo. Lakini likijeruhiwa mfululizo, kovu huota mahali pa nyama mpya. Makovu yakizidi hulikata ini vipande, na chembe hai zilizobaki huvimba katikati yake kama vinundu. Mtu wa Ufipa ataelewa upesi akifikiria shamba la matuta ya mviringo, yale ambayo wazee wetu hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea: vinundu ndiyo matuta, makovu ndiyo mitaro inayoyazunguka. Hata ukubwa wa matuta hayo huweza kudokeza chanzo. Pombe kwa kawaida huanza na vinundu vidogo, vya chini ya milimita 3. Virusi vya homa ya ini huleta vikubwa visivyolingana.

Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita ndani ya ini kabla ya kurudi moyoni. Makovu yakiizuia, presha hupanda kwenye mshipa mkuu unaoileta. Kutokana na presha hiyo bandama huvimba, maji huvuja na kujaa tumboni, na mishipa iliyo chini ya koo la chakula hutanuka mpaka inaweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Huo ni upande wa presha. Upande wa pili ni wa kazi: chembe za ini zikipungua, macho huwa ya njano, damu huchelewa kuganda, misuli ya mikono hukonda, na sumu ambazo ini lilikuwa likizichuja hupanda kichwani, mtu akalala mchana, akakesha usiku na kuwasahau wanawe. Si kila chanzo hupiga pande zote mbili kwa nguvu sawa, na tofauti hiyo itatusaidia.

Jua pia kwamba mtu anaweza kukaa na sirosisi miaka mingi akilima, akifanya biashara, asijue. Hiyo ni sirosisi iliyotulia. Ikishaleta maji tumboni, damu, macho ya njano au kuchanganyikiwa, ini limezidiwa. Anayegundulika kabla ya kuzidiwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi miaka mingi.

Pombe

Tuanze na inayolaumiwa kila mara. Kinachoumiza ini ni kilevi chenyewe, si jina la kinywaji. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi. Robo lita ya gongo, ikiwa na nguvu ya asilimia 40, ina karibu gramu 80, sawa na bia nne za namna hiyo. Kimpumu kina kilevi kidogo kwa kikombe, lakini kinanyweka asubuhi hadi jioni, na jumla ya siku ndiyo inayohesabiwa. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia Machi 1, 2017, ila gongo haikuwahi kusubiri kiwanda.

Si kila mnywaji mkubwa hupata sirosisi. Kwa makadirio ya kawaida ni kati ya 10 na 20 kwa kila 100 wanaokunywa sana kwa miaka mingi. Wanawake huharibika ini kwa kiasi kidogo zaidi na kwa muda mfupi zaidi kuliko wanaume, jambo ambalo mama anayepika pombe na kuionja kila siku anapaswa kulijua. Kwenye karatasi ya maabara, pombe huacha alama yake: kimeng'enya cha ini kiitwacho AST mara nyingi huwa maradufu ya kingine kiitwacho ALT. Tena mnywaji anaweza kupata manjano ya ghafla, homa na maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya wiki kadhaa za kunywa mfululizo. Hayo ni mashambulizi mapya juu ya makovu ya zamani, na huua haraka.

Je, uharibifu unasimamishika? Ndiyo, na chanzo hiki kina habari njema kuliko watu wanavyodhani. Mnywaji akiacha kabisa, wengi huona maji yakipungua baada ya miezi kadhaa, dawa za kukojoa zikapunguzwa, hamu ya chakula ikarudi. Kupunguza hakutoshi, ni kuacha. Ila aliyezoea kunywa kila siku asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kutetemeka, degedege na kuona vitu visivyokuwepo huweza kumpata ndani ya siku chache, na hali hiyo inaua. Aanze kuacha chini ya uangalizi wa kituo cha afya, apewe na vitamini B1.

Neno moja kwa wapishi wa pombe: tangu mwaka 1929 madaktari wa kusini mwa Afrika wameripoti maini yaliyojaa madini ya chuma kwa watu waliokunywa pombe ya kienyeji iliyochachushwa ndani ya vyombo vya chuma. Pombe ikichacha huwa na tindikali, na tindikali hula chuma. Pipa lenye kutu si chombo cha kinywaji cha mtu.

Na muhimu kuliko yote: kunywa pombe si kinga dhidi ya magonjwa mengine. Mnywaji naye apimwe homa ya ini B. Ukikuta vyote viwili kwa mtu mmoja, ini huharibika kwa kasi zaidi.

Homa ya ini B

Hiki ndicho chanzo kinachowapata wale wanaosemwa wamerogwa. Kijana wa miaka 35, hanywi, hajawahi kulazwa, ghafla tumbo linajaa. Watu hushangaa, lakini virusi vya homa ya ini B huenda vilikuwemo mwilini mwake tangu siku alipozaliwa. Mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa takribani asilimia 90 wa kubaki na virusi hivyo maisha yake yote. Mtu mzima anayeambukizwa, chini ya 5 kwa kila 100 hubaki navyo. Wengine mwili huvifukuza. Ndiyo maana ugonjwa unaojitokeza ukubwani mara nyingi ulipandwa utotoni.

Huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kujifungua, watoto wadogo wenye vidonda wanaocheza pamoja, ngono, wembe na sindano za kuchangia, chale za kienyeji za kuchanja ngozi. Hauenezwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kuchangia choo. Anayemtengea ndugu yake sahani na kikombe anamuumiza bila kujikinga na chochote.

Uharibifu unasimamishika? Ndiyo. Tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, huvilaza virusi, na miaka ikipita makovu yenyewe huweza kulegea. Virusi havitoweki, vinalala, kwa hiyo dawa haiachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Akiiacha bila daktari virusi huamka kwa nguvu, na mwenye sirosisi anaweza kufa kwa mlipuko huo. Kwa wanaoishi na VVU, mchanganyiko wa dawa unaotolewa kwa wingi kwenye kliniki za CTC una tenofovir ndani yake, hivyo kidonge kilekile kinatibu magonjwa mawili. Siku dawa zikibadilishwa, mwambie mtoa huduma kwamba una homa ya ini B.

Hatari ya kuchungwa hapa ni saratani ya ini. Vyanzo vingine kwa kawaida hupitia sirosisi kwanza ndipo saratani ije. Homa ya ini B inaweza kuruka hatua hiyo, na katika Afrika saratani hiyo huwapata hata watu wasiofika miaka 40. Mwenye sirosisi ya chanzo hiki apige altrasaundi kila miezi 6, hata kama anaweza kubeba gunia.

Na nani mwingine apimwe? Wote: mama yake, ndugu wa tumbo moja, mwenza, watoto. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata kwenye kliniki ya mtoto. Anayekutwa hana virusi wala kinga achanjwe dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Chanjo ya kawaida ya watoto hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, lakini mtoto wa mama mwenye virusi yuko hatarini tangu saa za kuzaliwa. Mjamzito aombe kipimo hiki mapema. Akikutwa na virusi, aulize kuhusu tenofovir wakati wa ujauzito na chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za kwanza. Kunyonyesha kunaruhusiwa.

Homa ya ini C ni ndugu wa jina tu. Haina chanjo, lakini inapona kabisa kwa vidonge vya wiki 12 kwa wagonjwa wengi. Nchini mwetu imeonekana zaidi kwa wanaojidunga dawa za kulevya katika miji mikubwa. Kupimwa ni kwa tone la damu, kwa hiyo usiache.

Kichocho cha tumbo

Hapa ndipo tofauti ya presha na kazi inapojionyesha wazi. Watu wengi wanakijua kichocho cha kukojoa damu. Kipo kingine, cha tumbo, ambacho minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo na mayai yake husombwa na damu hadi kwenye ini. Mwili huyazungushia makovu kando ya mishipa inayoingiza damu. Mtu aliyekulia Ukanda wa Ziwa Victoria kabla ya kuhamia Bonde la Ziwa Rukwa, aliyevua samaki Ziwa Tanganyika, au aliyeshinda ndani ya maji ya mpunga yenye konokono, amtajie daktari historia hiyo hata kama ni ya miaka 20 iliyopita.

Kwa lugha ya kitabibu hii si sirosisi kamili, kwa sababu chembe za ini zimebaki hai kati ya makovu. Presha inapanda, kazi inaendelea. Mgonjwa huyu macho yake ni meupe, akili timamu, bandama limeshuka mpaka karibu na kitovu, halafu siku moja anatapika damu beseni zima. Akinusurika kutoka damu, ini lake bado lina nguvu ya kumbeba miaka mingi. Mgonjwa wa pombe au virusi anayetoka damu kiasi kilekile yuko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu ini lake halina akiba.

Prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kwa uzito wa mgonjwa na kumezwa siku moja, huua minyoo. Kwa watoto na vijana makovu huweza kupungua. Kwa aliyechelewa dawa huzuia mengine yasiongezeke, na mishipa ya koo hushughulikiwa kwa kufungwa kwa mpira kupitia kamera, pamoja na dawa za kushusha presha yake. Walio hatarini nyumbani ni wote wanaooga, kufua na kuvua kwenye maji yaleyale. Siku ya kugawa dawa za kichocho shuleni, usimfiche mtoto.

Mafuta kwenye ini

Chanzo hiki kinaongezeka mijini bila kelele. Mwenye duka aliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi, soda mbili, chipsi usiku, kiuno kimepanuka, kisukari kimeingia: ini lake hujaa mafuta, mafuta huleta uvimbe, uvimbe huleta makovu. Hajanywa tone la pombe. Vipimo vya vimeng'enya vinaweza kusoma kawaida kabisa, ndiyo sababu wengi hugundulika wamechelewa.

Dawa yake kubwa ni uzito. Kupunguza asilimia 10 ya uzito, yaani kilo 9 kwa mtu wa kilo 90, kunaweza kurudisha nyuma hata makovu kabla ini halijazidiwa. Anayeanza kuvimba tumbo kwa maji asijinyime chakula tena; kwake kukonda ni hatari. Hatari nyingine ya kuchungwa ni moyo, maana wengi wa wagonjwa hawa huuawa na moyo kabla ya ini. Nyumbani, wanaokula sufuria moja wapime sukari na presha.

Ghala na mizizi

Sumukuvu ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa kuharibu maini yao ndani ya siku chache. Kwa dozi ndogo za miaka mingi madhara yake makubwa ni saratani ya ini, na kwa mwenye homa ya ini B hatari huzidishana badala ya kujumlishana tu. Kupika hakuiondoi. Rukwa ni mkoa wa mahindi, kwa hiyo jambo hili ni letu: anika juu ya turubai, usianike ardhini, usifunge gunia mpaka punje ikauke vizuri, na chambua zenye rangi ya kijani au nyeusi. Punje hizo usiwape kuku, na usizipeleke kwenye pombe kwa kisingizio kwamba zitachachushwa.

Dawa za mizizi zina sura mbili. Zipo zisizodhuru, na zipo mimea yenye sumu inayoziba mishipa midogo ndani ya ini. Ubaya ni kwamba chupa haisemi kipi kimo ndani. Mwenye ini lililokwisha kuumia hana nafasi ya kujaribu. Kama umeshatumia, mwambie daktari bila aibu. Ni taarifa ya tiba.

Vipo pia vyanzo adimu ambavyo visisahaulike kwa vijana na wanawake: kinga ya mwili kulishambulia ini, ambako hutibika kwa vidonge vya kutuliza kinga, mirija ya nyongo kuharibika taratibu, ambako huanza kwa kuwashwa mwili mzima bila upele, na ugonjwa wa kurithi wa shaba kujaa mwilini, ambao mtu akitibiwa mapema huishi maisha yake, na ndugu zake wa tumbo moja ni lazima wapimwe.

Maji tumboni yasiyo ya sirosisi

Kabla hujakubali jina la sirosisi, hakikisha ndilo. Kifua kikuu cha tumbo hujaza maji vilevile, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na kinapona kwa dawa za miezi 6. Moyo kushindwa kazi hujaza maji na kuvimbisha ini. Njia ya kutofautisha ni kuyapima maji yenyewe: daktari hutoa kidogo kwa sindano, maabara ikalinganisha protini iitwayo albumini ndani ya maji na ndani ya damu. Tofauti ikifika gramu 1.1 kwa desilita au zaidi, presha ya mshipa wa ini ndiyo inayohusika, iwe imeletwa na ini lenyewe au na moyo. Ikiwa chini ya hapo, kifua kikuu au saratani vitafutwe. Mgonjwa anayetolewa maji ndoo nzima, yakamwagwa bila kupimwa, amepoteza jibu lake.

Ukifika hospitalini

Sema wazi: "Daktari, naomba kujua ini langu limeharibiwa na nini." Kwenye zahanati unaweza kuanza na historia na rufaa. Vipimo vingi vya kutafuta chanzo viulize kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na kisichopatikana hapo, hasa kamera ya kuangalia mishipa ya koo, ulizia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kwa barabara ya Laela na Tunduma. Beba bima yako, na beba karatasi za vipimo vyote vya nyuma ili usilipie kimoja mara mbili.

Omba haya: kipimo cha homa ya ini B na C, VVU, sukari, picha kamili ya damu, AST na ALT, bilirubini, albumini, muda wa damu kuganda, na altrasaundi. Ukishapata majibu, kuna hesabu ndogo unayoweza kuifanya na mtoa huduma. Chukua AST, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa idadi ya chembe sahani za damu kwa maelfu. Mfano: AST ni 80, kiwango cha juu ni 40, chembe sahani ni 100. Themanini gawa kwa 40 ni 2. Mara 100 ni 200. Gawa kwa 100, jibu ni 2. Kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inasema zaidi ya 0.5 ni dalili ya makovu yanayostahili dawa, na zaidi ya 1 inaelekeza kwenye sirosisi. Usiifanye ukiwa na malaria au umetoka kunywa, itakudanganya.

Yanayowahusu wote

Chanzo chochote kiwe, mwenye maji tumboni apunguze chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwemo iliyofichwa. Migebuka ya kukaushwa kwa chumvi inahesabika. Magadi ya kulainishia maharage yanahesabika, kwa sababu yana sodiamu ileile; loweka maharage usiku kucha badala yake. Usimnyime protini: maharage, dagaa wasiotiwa chumvi na mayai vinajenga misuli inayopotea. Kikombe cha uji wa ulezi kabla ya kulala husaidia mwili usile misuli yake usiku.

Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa kila duka la dawa muhimu ni hatari kwake. Zinaweza kuua figo na kuamsha kutoka damu. Maumivu yatulizwe kwa paracetamol isiyozidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku. Uvumi kwamba mgonjwa akitolewa maji atakufa si kweli. Wanaokufa baada ya hapo wengi walifika wamechelewa. Yakitolewa zaidi ya lita 5, ulizia albumini ya kwenye mshipa.

Usisubiri asubuhi kwa haya manne: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa, na homa au maumivu kwa mtu mwenye maji tumboni. Homa hiyo inaweza kuwa ni maji yenyewe yameingiwa na bakteria, na kila saa ina thamani. Anayechanganyikiwa asipewe dawa ya usingizi.

Na ndugu wa mgonjwa, kazi yenu haiishii kuuguza. Jibu la daktari likishatoka, lipeleke nyumbani likafanye kazi. Ni virusi: wote mkapimwe na kuchanjwa wiki hii. Ni kichocho: mliokuwa naye ziwani mkameze dawa. Ni pombe: wanaokunywa naye waambiwe namba zile za gramu za kilevi. Ni mafuta: sufuria ibadilike kwa wote. Na kama mtu wa kwanza aliyewahi kuvimba tumbo katika ukoo wenu alizikwa kwa jina la uchawi, na wa pili pia, basi ukoo huo una sababu mbili za kwenda maabara kabla hajapatikana wa tatu.